Pikipiki kumi na moja na njia mbili za Chake: kisa cha safari yetu ya Pemba

Saa moja kasoro robo usiku, Alhamisi, watu wazima wanne tumepiga magoti pembeni ya barabara mbele ya kijiji cha Ole tunaokota karafuu mojamoja kwa taa za simu. Pikipiki nne zimeegeshwa nyuma yetu. Saba nyengine hatujui ziko wapi. Na bibi mwenye karafuu kasimama na ungo wake anatutazama tu, hata hasira hana tena, anauliza, "Na hao wenzenu mmewawacha na nani?"

Hilo suali sikuwa na jibu lake, na mimi ndie niloipanga safari. Naandika kisa chote hapa kwa sababu kila nikikutana na watu wa mjini wananiambia nasikia mlipotezana Pemba, mara nasikia mlipigana, mara mmoja alivunjika mguu. Hakuna alovunjika mguu. Ila kuna vitu vilivunjika, na vyote vilianzia Unguja kabla hata hatujapanda boti.

Fikra ilikuwa ndogo tu: siku nne, Alhamisi mpaka Jumapili, tunapanda boti na pikipiki zetu Malindi, bandari ya mjini Unguja, tunashuka Mkoani, kusini mwa Pemba, tunakwenda juu mpaka Konde, kuna jamaa yetu ana nyumba kubwa pale, kutoka hapo msitu wa Ngezi, pwani ya Vumawimbi, mnara wa Kigomasha, siku ya tatu tunazunguka upande wa Micheweni, ya nne tunarudi. Pemba yenyewe si kubwa, kutoka kusini mpaka kaskazini kilomita 67 hivi, mtu anasema ah hii asubuhi moja tu umeimaliza. Na hapo ndipo tulipojidanganya.

Nikafungua grupu la WhatsApp. Siku ya tatu lina watu 43, wengine hawana hata pikipiki wapo kwa ajili ya stika. Nikauliza nani anakuja. Walojibu 17, na wote walijibu inshaallah. Sasa sisi sote hapa tunajua kuna inshaallah ya nitakuja na kuna inshaallah ya sitaki kukwambia hapana mbele za watu, usoni unazijua mara moja, lakini kwenye simu zinaandikwa sawasawa. Mimi nikazihesabu zote ni ya kwanza. Nikampigia jamaa wa Konde nikamwambia pikipiki 17. Mtu wa watu, akanunua mbuzi wawili na mchele wa kutosha harusi ndogo.

Walotuma pesa 12. Walofika bandarini 11.

Huyu wa kumi na mbili nimweleze kidogo kwa sababu watu walimsema vibaya na mimi naona hakustahili. Usiku wa Jumatano mama yake kamwambia hupandi boti. Basi. Kijana ana miaka thelathini na kitu, ana watoto, lakini mama kasema. Wasio na watu Pemba hawatalielewa hili, ila meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa watu kupita kiasi, na hakuna mtaa wa Wapemba mjini usiopata msiba. Mwaka wa pili yake, Julai, ikazama boti ya Skagit. Kisha sisi tumechagua Agosti, upepo wa kusi umeshika, mkondo wa Nungwi unatikisa. Mama ana haki. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia mtu hata mmoja kaulize nyumbani kwanza kabla hujatuma hela, nikamrejeshea pesa yake yote na ile ya chakula chake nikatoa mfukoni. Za wale watano wasiotuma kabisa pia nilitoa mfukoni. Mbuzi keshachinjwa utafanyaje.

Sasa pikipiki zenyewe. Moja ya cc 250, ya juu, ya tairi za vifundo, mwenyewe kijana wa kazi nzuri na mwendo wake unaujua. Sita ni zile za 150 tunazoziona kila siku. Tatu skuta za otomatiki. Na ya mwisho Vespa, na nasema Vespa kweli maana hapa kwetu kila skuta tunaiita vespa, hii ilikuwa ya gia mkononi, injini ya kuchanganya oili na petroli, mwenyewe kampakia mpwa wake nyuma pamoja na begi la nguo na sufuria (mpaka leo sijui sufuria ilikuwa ya nini). Mwenyewe tunamwita Ami, ana umri kuliko sote, na ndie pekee alieniuliza suali la maana kwenye lile grupu: "Mwendo gani?" Nikamjibu wa kawaida tu Ami, hamsini hivi.

Nilikaa na daftari nikapiga hesabu. Mkoani mpaka Konde kama kilomita 65, kwa mwendo wa 50 ni saa moja na dakika 20, boti inashuka saa saba mchana, kwa hio saa tisa tumeshakula Konde. Niliiandika hivo hivo na watu wakaweka vidole gumba. Hesabu ile ilikuwa ya pikipiki moja, inayotembea peke yake, haishuki botini, haitii mafuta na haisali.

Boti ilichelewa kuondoka, tumefika Mkoani saa tisa na robo. Pikipiki zimefungwa kamba ndani, zinatolewa moja moja, makuli wanapatana bei na kila mtu peke yake kwa sababu sikupatana nao kwa jumla, saa nzima ikaondoka pale. Saa kumi na robo. Halafu mafuta. Tuliambiwa tupande na tangi karibu tupu, kwa hio pikipiki 11 zote zinataka petroli pamoja, pampu inayofanya kazi moja. Kila mtu anafungua kiti, anatafuta ufunguo, anatoa noti, anangoja chenji, dakika tatu au nne kila mmoja, zidisha mwenyewe. Na hapo alasiri bado, wengine wakaenda msikitini wengine wakabaki kwenye foleni kisha wakabadilishana.

Ami akatiwa petroli, akauliza oili ya kuchanganya, sheli hawana. Skuta za siku hizi hazihitaji kitu hicho kwa hio haikumpitia mtu yeyote akilini, na yeye alikuwa nayo kopo zima nyumbani Unguja lakini nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa punguzeni mizigo. Akaenda kutafuta dukani na mpwa wake. Kumbe oili yenyewe ni asilimia mbili tu, mililita 20 kwa lita moja. Chupa ya dawa ya kikohozi ya mililita 100 inatosha lita 5, na kwa Vespa lita 5 unakwenda Konde unarudi Mkoani. Chupa ya dawa ya kikohozi! Siku hizi anayo moja imefungwa raba chini ya kiti.

Saa kumi na moja na dakika 10 kijana wa 250 keshawasha. Jua linakwenda, anasema tutangulie wengine watatufuata, njia moja tu. Na mimi nikawasha. Nilikuwa wa tatu kutoka mbele, naandika hivi kwa aibu lakini ndivo ilivokuwa. Hakuna alieambiwa wewe ndie wa mwisho. Kila mmoja alidhani yupo mtu nyuma yake anaemtazama Ami, na kwa bahati yupo kijana mmoja, fundi wa pikipiki kwa kazi yake, kabakia pale sheli kwa hiari yake tu. Hakutumwa na mtu.

Njia ya Mkoani kwenda Chake Chake, mji wa katikati ya kisiwa, ni nzuri lakini ya vilima na makona, si kama kwetu Unguja unaiona barabara mpaka inaishia. Hapa nitapiga hesabu nyengine, hii ndio nilopaswa kuipiga mwanzo. Ukienda 50 kwa saa unapita mita 14 kwa sekunde. Ukimwacha mwenzio mbele sekunde mbili ili upate kufunga breki ni mita 28. Pikipiki 11 zina nafasi 10 katikati, kwa hio kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho ni mita 280, na hapo kila mtu anakwenda sawa, hakuna gari lilochomoka katikati, hakuna ng'ombe. Wapi Pemba utaona mita 280 mbele yako? Kona mbili tu, mbele pana migomba, nyuma pana mikarafuu, mwenzio humuoni. Kwa hio ile "wengine watatufuata" haiwezekani hata kwa mtu mwenye nia njema.

Tukafika Chake karibu na saa kumi na mbili. Hatukusimama, tulipita.

Ukitoka Chake kwenda kaskazini njia ni mbili. Iko ile kongwe ya kupitia Ziwani inakwenda Wete, na iko ya kupitia Ole inakwenda moja kwa moja Konde. Kijana wa 250 anaijua, ana shemeji kule, akashika ya Ole, sisi watatu nyuma yake. Watano wa kati walikuwa wamekatwa na daladala mbili pale mjini, wametoka hawatuoni, wakasimama wakauliza. Na waliuliza nini? "Njia ya Wete ipi?" Wakaonyeshwa njia ya Wete, sahihi kabisa, wakenda Wete.

Kwa nini Wete? Kwa sababu mimi kwenye voisi wiki nzima nilikuwa nasema tutalala "upande wa Wete". Kwa mtu wa mjini asiyekuwa na kwao Pemba, juu kote ni upande wa Wete. Konde hata wilaya ya Wete siyo, ni Micheweni. Jina Konde lilitajwa mara moja, juu kabisa ya grupu, chini yake pana stika mia mbili. Hawa watano sikuwalaumu hata kidogo, walifanya anachofanya msafiri yeyote mwenye akili, wakauliza, ila niliwapa suali la makosa wakaulizie.

Turudi kwenye karafuu.

Tulipopita Ole magharibi inaingia, mmoja wetu akasema tusimame tuwangoje. Kijana wa 250 akatoka barabarani kwa kasi yake ile ile, pembeni paliinuka kidogo, akaona peusi akadhani kivuli. Lilikuwa jamvi. Wakati ule ndio msimu, kila nyumba imeanika mpaka ukingo wa lami, na huyu bibi alikuwa ndio anaanua, keshazikusanya karafuu rundo katikati ya jamvi. Tairi za vifundo zikapita juu yake. Anaejua karafuu anajua maana yake, siku kadhaa za kuanika na kuanua, mvua ikinyesha unakimbia, ikitoka jua unarudisha, na kabla ya hapo mtu kapanda mkarafuu akachuma, watu wakakaa usiku kuchambua vikonyo, halafu anakuja mtu kutoka mjini kwenye pikipiki ya mamilioni anazitia mchangani.

Bibi alipiga ukelele mmoja tu. "Karafuu zangu weye!" Kisha akanyamaza, na kunyamaza kule kulituumiza kuliko kelele. Tukashuka tukaanza kuokota. Kijana wa 250 alitoa pochi kabisa akataka kulipa jamvi zima, bibi akamwambia okota kwanza mwanangu, hela zitakuja. Tuliokota kwa muda wa kama saa nzima. Simu ya mwenyeji inaita hatupokei, mikono imejaa mchanga.

Na hapo ndipo alipotuuliza lile suali. Mmoja wetu akasema bibi wenzetu wako nyuma wanakuja. "Nyuma wapi?" Hatukujua.

Ikasikika Vespa kabla haijaonekana, ule mlio wake wa tatatata unapanda kilima, taa ya njano hafifu, na nyuma yake taa ya fundi inamulikia njia. Ami akasimama, akatutazama tulivopiga magoti, akauliza, "Mnasali wapi nyie, kibla huku?" Mpaka bibi alicheka.

Kumbe nje kidogo ya Chake alipata pancha. Sisi tungepata pancha ile tungelala pale, maana kati ya pikipiki 10 nyengine hapakuwa na tyubu ya akiba hata moja, pampu moja tu na ilikuwa kwenye begi la mmoja wa wale walokwenda Wete. Vespa ina tairi la spea zima limekaa ubavuni, nati tano, fundi anamulika Ami anafungua, wamesema hazikufika dakika 15. Ile pikipiki tuloiona ni mzigo ndio pekee ilokuja kamili.

Na gari ya ng'ombe walikutana nayo pia, haina taa wala kioo cha kumeremeta, imebeba kuni zimezidi kwa nyuma. Ami anakwenda 35 akaiona. Mimi kwa mwendo niloupanga mwenyewe kwenye daftari, sijui.

Wale watano tuliwapata kwa simu, wako Wete wanakula urojo wametulia, wanatuuliza nyie mko wapi mbona mmechelewa. Wakaja Konde saa tatu na nusu usiku kwa njia wasoijua, jambo ambalo nililikataza wiki nzima kwenye grupu, hakuna kuendesha usiku. Mmoja katika wao alikuwa amekasirika kweli, na asubuhi ya Jumamosi akaondoka na mwenzake, wakasema kazi. Haikuwa kazi.

Usiku ule baada ya kula (nyama ya watu 17, tulikula mpaka Jumapili) tukakaa ukumbini na fundi ndie aloanza. Hakutaja mtu. Alisema tu, katika pikipiki 11 wa kwanza anajulikana, wa mwisho nani? Tukatazamana. Ijumaa asubuhi tukabadilisha, na siku tatu zilobaki hakupotea mtu, hata kule Ngezi ambako ukishaingia msituni njia ni ya udongo na miti imefunga juu, kuna vumbi humuoni hata wa pili yako.

Tulofanya hatukubuni sisi, misafara ya pikipiki kila pahala inatumia. Wa mbele hapitwi, wa mwisho habadiliki, na wa mwisho akawa fundi na spana zake na ile pampu. Mkifika njia panda yoyote, aliekuwa nyuma ya kiongozi anasimama pale pale, anaonyesha mkono kila anaepita, hatoki mpaka amuone fundi, kisha anaingia mbele ya fundi. Njia panda ijayo mwengine anabaki. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kumuona mtu yeyote, wewe nenda na mwendo wako, kwenye kona ya kukata shauri utamkuta mtu kasimama. Tungekuwa nalo hili Chake, watano wale wangemkuta mtu pale njia zinapogawana na mimi nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Ami tulimweka wa pili, nyuma ya kiongozi, na yeye tukamsamehe kuachwa njia panda, anaachwa wa tatu. Hapo pana watu walinung'unika. Lakini ukimweka mzito nyuma kila mtu anamkimbia bila kujua na yeye anafukuzia siku nzima mpaka anaendesha kuliko uwezo wa breki zake, ukimweka mbele kiongozi anaisikia injini yake mgongoni, anajua lini apunguze. Kijana wa 250 tulimweka wa tisa. Alisema amechoka mikono kwa kwenda polepole, sawa, lakini aliona tausi wa mwituni, mwenyewe ndivo alivomwita, sijui alimuona nini.

Saa nazo tukahesabu upya, mwendo 30 badala ya 50, na kila kisimamo cha dakika 10 kiandike nusu saa. Ijumaa tukapanga safari ya Vumawimbi baada ya sala, siyo kabla, kwa sababu ukipanga kabla kuna watu watakimbilia msikiti na kuna watu watakimbizwa. Tulitia mafuta Konde jioni kila siku, hakuna kutia asubuhi.

Karatasi sizungumzii sana. Leseni na bima tulikagua Unguja, helmeti ya abiria ilipungua moja tukaazima. Hili tulilifanya sawa kwa sababu trafiki tunamuogopa.

Jumapili tukishuka kwenda Mkoani tulisimama kwa bibi. Wote tisa tulobaki, kwa mstari. Kijana wa 250 aliongoza kuingia na safari hii alizima injini barabarani akaisukuma. Karafuu tulizomwaga alizianika upya siku ya Ijumaa, zimepungua thamani lakini hazikupotea zote, tukalipa tulichokubaliana, akatupa mihogo ya kuchemsha na akamfungia Ami peke yake samaki wa kukaanga kwenye jani, wengine hatukupewa. Nilipomuaga akaniuliza kama safari hii nawajua wote wako wapi. Nikahesabu kwa sauti mbele yake, moja mpaka tisa.

Watu wameanza kuniuliza lini tena. Nimesema Januari, kaskazi likiwa limetulia. Grupu nimelifunga, nimefungua jipya, haingii mtu mpaka keshatuma nusu ya pesa na keshauliza nyumbani kwao. Juu kabisa nimeandika Konde, na wilaya yake. Jana kijana wa 250 kanipigia, anasema safari hii anakuja na tyubu mbili na anataka kukaa wa mwisho, inshaallah. Nikamwambia karibu sana, tuma hela kwanza.